Mwenzake Hakimu Anakula

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Uzito wa Hakimu umegoma kupanda. Hakimu ni binti yangu wa miaka mitatu. Tunamwita hivyo kwa jinsi anavyokagua sahani kwa kidole kimoja na kuihukumu. Anachokubali ni mkate mweupe tu. Muuguzi akasema mboga, maharage, mayai. Mama mkwe, aliyetusindikiza bila kualikwa, akasema hadi Jumamosi nikishindwa kumlisha, atamchukua akakae kwake. Mke wangu hakupinga. Yeye hushinda kwenye kiwanda cha mikate. Mimi fundi cherehani ndiye ninayeshinda na mtoto. Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Sijui nitashonaje bila yule mtoto chini ya meza akiokota vipande vya vitambaa.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu: mboga zilizosagwa ndani ya yai, yai ndani ya mkate. Nani angejua? Hakimu akafungua mkate, akachomoa yai, akalichambua kama anayetafuta chawa. Hukumu: sakafuni. Paka wa jirani akalinusa, akaenda zake. Nimedharauliwa na paka.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu kubwa. Ninayo sanamu ya mtoto ya kuonyeshea sare za shule, ile inayosimama dirishani. Nimeiketisha mezani na shati jipya, sahani yake mbele. Nikaipelekea kijiko mdomoni, nikisema ona mwenzako anavyokula, mtoto mzuri. Hakimu akaitazama kwa muda mrefu. Nikaenda kuangalia pasi. Kurudi, sahani zote mbili tupu, nyeupe pe! Jioni nikamwambia mke wangu akili ni mali. Akauliza sahani ya pili kala nani. Nikamwambia asianze.

Alhamisi, 7 Machi

Sahani nyeupe tena. Lakini gauni nililomshonea Hakimu juzijuzi linampwaya. Na shati la sanamu limekatika kifungo cha tumboni. Kifungo kile nilikishona mwenyewe, uzi mara mbili. Nikasema kitambaa kimesinyaa. Hakijawahi kufuliwa, lakini nikasema hivyo hivyo.

Hakimu akaniambia mwenzake anataka chumvi kwenye maharage. Nikatia. Sijui kwa nini nilitia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeipima sanamu. Kiuno kimeongezeka vidole viwili. Nimetupa tepu, bila shaka imevutika. Nikampima Hakimu kwa tepu mpya. Amepungua. Nikamuuliza nani anakula chakula chake. Akaonyesha sanamu kwa kidole, bila hofu yoyote, akasema anamwachia mwenzake kwa sababu baba alisema ni mtoto mzuri.

Niliogopa, siandiki uongo hapa. Nimeibeba sanamu na kuifungia kabatini. Ilikuwa nzito. Mikono yake ilikuwa na joto, nami nikajiambia ni jua la dirishani, ingawa leo ni mawingu matupu tangu asubuhi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika mchana na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Nikapakua mboga, maharage na yai. Hakimu akafunga mdomo. Mama mkwe akafungua mkoba. Nilitaka kulia mbele yake.

Hapo kabatini kukagongwa. Polepole, kama kijiko kwenye ubao. Hakimu akageuka, akaivuta sahani kifuani, akaanza kula. Alikula vyote, harakaharaka, macho kwenye kabati, kisha akailamba sahani. Mama mkwe alitokwa na machozi. Akafunga mkoba, akauliza ni nini kinachogonga. Nikasema panya. Akauliza nimemlishaje mtoto. Nikasema subira, mama, subira tu.

Jumapili, 10 Machi

Mtoto amebaki kwangu! Anakula kila anachopakuliwa, mradi aketi akitazama kabati. Huko ndani nami napitisha sahani ya mwenzake kupitia upenyo wa chini ya mlango, maana leo bawaba zimeanza kulia zenyewe. Ni busara tu, wala si woga.

Limebaki tatizo moja: maziwa. Hataki hata kuyaona. Nimefikiri sana, nikagundua kosa liko wapi. Kwa maziwa, mtoto anahitaji mfano wa mtu mzima. Nimeazima kwa fundi mwenzangu sanamu yake ya suti, mwanamume mrefu wa mabega mapana. Nimeiketisha kwenye kiti changu, kikombe kimejaa mbele yake. Suti nimeiachia nafasi tumboni.