Kizibo cha Tatu

Jumanne, 3 Oktoba

Huguette ametoa hukumu. Mwaka jana nilifunga bwawa letu la kuogelea mwenyewe kabla ya baridi, maji yakaganda ndani, bomba likapasuka, na theluji ilipoyeyuka ikabidi tuchimbe nyasi zote kutoka ukutani mpaka uani. Mwaka huu nimwite Réal, fundi wa mabwawa. Nikiligusa mimi na bomba likapasuka tena, bwawa linafukiwa na yeye anapanda karoti. Si utani. Pakiti ya mbegu imeshabandikwa kwenye friji, usawa wa macho yangu.

Nimesema sawa mke wangu, nitampigia Réal.

Sitampigia! Miaka kumi na minne naelea humo, mahali pekee katika mji mzima wa Repentigny ambapo hakuna ndugu wa Huguette anayenifuata. Halafu aje fundi anifundishe kuziba matundu matatu ya mabomba? Shemeji Fernand, kaka yake Huguette, ambaye kwa dhambi zangu anakaa nyumba ya jirani, hufunga lake kwa dakika arobaini na kikombe cha kahawa mkononi. Jioni amenichungulia juu ya ua. “Shemeji, mwite fundi bwana. Wewe na bomba hamjawahi kuelewana.” Nikasema asante. Moyoni sikusema asante.

Ijumaa Huguette anakwenda kwa dada yake anayekaa Rimouski. Kurudi ni Jumatatu mchana, Sikukuu ya Shukrani, ambayo hapa kwetu huwa Oktoba. Siku tatu, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Jumamosi, 7 Oktoba

Hatua ya kwanza: kupunguza maji, yashuke kidogo chini ya matundu. Kidogo tu. Kila mtu hapa anajua kwamba bwawa likikauka sana, plastiki ya ndani inasinyaa na kuchanika. Nikatumbukiza mpira wa kunyonya maji, nikaingia ndani kuangalia kipindi cha kwanza cha mechi ya magongo. Kipindi kimoja tu!

Timu zikatoka sare. Muda wa nyongeza. Halafu mapenalti. Ningetokaje?

Nilipotoka maji yalikuwa magotini. Mengine yote yalikuwa yameteremka kwa Fernand, chini ya hema la plastiki alilolisimikia gari lake jana kwa ajili ya theluji. Amekuja na mabuti ya mpira, ndara moja ya mkewe mkononi, akauliza kama nimehamisha mto. Nikamwambia si mimi, ni Réal. Amekuja, amekosea kidogo, ameondoka.

“Réal?” akasema. “Réal huyu wetu? Mwenye goti bovu?”

Huyo huyo, nikasema. Fernand akacheka peke yake, akarudi kwake akichuruzika. Sijui kilichomchekesha. Watu wengine wana furaha za ajabu.

Jumapili, 8 Oktoba

Lazima maji yarudi. Tatizo: bomba la nje nilishalifunga na kulikausha mwezi Septemba, wa kwanza mtaa mzima, na nilijigamba sana. Mkono wa kulifungulia niliuficha mahali salama. Salama kweli, hata mimi siuoni.

Lakini mwenye akili hakwami! Nimeunganisha mpira kwenye bomba la mashine ya kufulia, nikaupitisha dirisha la chini, nikauacha ujaze. Baada ya saa nzima, bwawa likaanza kutoa mvuke. Nilikuwa nimefungulia ya moto.

Fernand kutoka ng'ambo ya ua ameuliza supu inaiva saa ngapi, aje na mkate. Nikahamia ya baridi. Jioni nimeoga maji kama barafu, nimepiga kelele, jirani wa upande wa pili amegonga kuuliza kama niko salama.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ushindi!

Nimeamka kabla ya jua. Ili kupuliza maji yatoke ndani ya mabomba, Fernand anatumia mashine ya upepo. Mimi nimetumia kifyonza vumbi cha Huguette, mpira nimeugeuza upande wa kutolea hewa. Mapovu yametoka vizuri sana. Yametoka pia manyoya ya paka wa miaka mingi, yakaelea. Nikaziba matundu haraka haraka, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Nikamimina dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia maji kuganda. Turubai juu, mifuko ya maji pembeni ili lisipeperuke. Nimemaliza saa sita kasorobo.

Kisha sanaa yenyewe: vikombe viwili vya kahawa mezani, na kipande cha pai ya sukari kilichoumwa mara moja. Huo ndio ushahidi kwamba Réal alikuwapo.

Huguette amefika saa sita. Jioni Fernand amekuja kula bata mzinga wa sikukuu. Mezani Huguette akauliza, kwa upole kabisa, Réal anaendeleaje na goti lake. Nikasema vibaya, maskini. Kila akiinama anaguna. Nikaguna kidogo kuonyesha. Fernand akapaliwa na nyama mpaka machozi. Huguette akampiga mgongoni, akaniongezea viazi.

Wameamini wote.

Ijumaa, 20 Oktoba

Balaa. Kadi ya posta kwenye sanduku, kutoka Florida. Réal, kaptura ya kuogelea, chungwa mkononi. Ameandika kwamba yuko huko tangu katikati ya Septemba, amewekewa goti jipya, ameacha kazi, anasikitika hakuja kutufungia bwawa. Mashine yake ya upepo amemwachia Fernand.

Nikaitia mfukoni upesi. Kisha nikaigeuza tena. Chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa Huguette: “Maskini. Anaguna kweli.”

Alikuwa ameisoma na kuirudisha sandukuni! Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nimekwenda jikoni nikaungama yote, pamoja na manyoya ya paka. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu amejifuta macho, akaacha kucheka. Theluji ikiyeyuka, akasema, bomba lenyewe litatoa ushahidi. Likiwa zima, bwawa ni langu maisha yangu yote na hatalitaja tena. Likiwa limepasuka, karoti.

Nimekubali. Nina wasiwasi gani? Nimeziba mwenyewe.

Jumamosi, 11 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimechukua glavu za kazi ili nikakwangue barafu kwenye kioo cha gari. Kidole gumba kikagoma kuingia. Kuna kitu ndani. Nikatikisa.

Kizibo. Cha tatu.

Nilihesabu, naapa nilihesabu! Tundu moja liko wazi chini ya turubai, mvua za mwezi mzima zimepandisha maji mpaka yameingia kwenye bomba, na juu tayari kuna barafu nene kama kidole.

Dawa ipo, ng'ambo ya ua. Fernand na ile mashine ya upepo: nusu saa, bwawa limepona. Angekuja leo hii, tena kwa furaha. Na angesimulia Krismasi hii, na ijayo, na kwenye mazishi yangu, karibu na jeneza, glavu mkononi kwa mfano.

Nimefika mpaka kwenye ua. Ametoa kichwa: “Vipi shemeji, kuna shida?” Nikamwambia hapana, natazama tu theluji. Nikarudi.

Huguette yuko jikoni, anapanga mbegu za karoti huku akiimba. Ameongeza za vitunguu.

Lakini nimepata njia, tena bora kuliko ya Fernand! Taa za Krismasi. Nyuzi nne, nizipitishe chini ya turubai, nizizungushe kwenye lile tundu, zipashe bomba joto polepole hadi Machi. Ninachohitaji ni siku mbili bila Huguette nyumbani.

Nimeshampigia dada yake Rimouski. Nimemwomba augue kidogo.