Bodi Haiuzwi, Tafadhali Usiguse

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Nyumba ya Sanaa Isiyotafuta Faida (wala isiyoipata).

KUH: BODI KUWEKWA KWENYE MAONYESHO BILA RIDHAA YA MHAZINI

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini mguu wako unaendelea vizuri. Mimi ni mzima, ila moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe umetoka ofisini kwako. Ningeweza kuvuka barabara nikakueleza jikoni kwako kama kawaida, lakini jambo hili ni la kikatiba, na ya kikatiba huandikwa.

Nikukumbushe lilivyoanza, maana najua utasema nazua. Paa la ofisi lilipoanza kuvuja, bodi yetu ya watu wanne ilihamishia vikao ukumbini, palipotundikwa picha za marehemu kaka, mumeo. Wakati huohuo mjumbe mwenzetu mchongaji, tunayemwita Kesho kwa sababu ya ahadi zake, alikuwa ameahidi kazi mpya. Katibu ni fundi cherehani na hapendi kazi ilale, kwa hiyo akabandika maelezo ukutani kabla kazi haijaletwa: “Familia Ikigombana. Mbao na vitu mchanganyiko. Haiuzwi. Tafadhali usiguse.” Kesho hakuleta kitu. Meza yetu ya vikao ikawekwa palepale penye nafasi. Jumamosi ile tukaketi kubishana juu ya kodi ya jengo, wageni wakaingia, wakasoma kibandiko, wakatutazama, wakanyamaza kwa heshima. Nami kwa ujinga wangu nikadhani hatimaye watu wameanza kujali hesabu za mashirika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibandiko hakijaondolewa hadi leo. Nilipotaka kukibandua, Katibu alinizuia akasema nisome kilichoandikwa: usiguse.

2. Tunapigiwa makofi, tena pasipo na maana. Nilieleza kwa kirefu tulivyopunguza gharama za umeme, hakuna aliyetikisika. Nilipovua miwani nikasema pesa hakuna, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na mzee mmoja akafuta machozi. Shemeji, nimekuwa mhazini tangu kaka akiwa hai, na maneno hayo nayasema kila kikao. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulia.

3. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katibu sasa huja na gauni jipya kila Jumamosi na kusoma muhtasari kwa sauti ya kutetemeka, na akifika kwenye “yatokanayo” hunyamaza mpaka watu washike vifua. Kesho, ambaye zamani tulimtafuta kwa tochi, siku hizi anawahi kuliko wote. Hugonga meza, hutoka nje kwa hasira, kisha huzunguka mlango wa nyuma ili aje atoke tena. Na wewe, Mheshimiwa, uniwie radhi. Suala la paa tulilimaliza jikoni kwako Alhamisi, kwa amani kabisa, ukaniongezea na chai. Jumamosi ukaliibua upya, ukaniita bahili mbele za watu. Iliniuma sana. Iliniuma zaidi kwa sababu ulinikonyeza.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Lilimhusu mke wangu, naye ndiye anayekuletea barua.

5. Sasa tuje kwenye fedha. Sanduku la michango limejaa na kodi imelipwa. Mwenye jengo, aliyekuwa amekwisha kununua kufuli la kutufungia nje, sasa anakaa mstari wa mbele na mama yake. Mimi sijui mapato haya niyaandike wapi. Si mauzo, maana hatukuuza kitu. Si mchango, maana hakuna aliyechangia hoja yoyote ya maana. Nimeyaandika “mapato ya ugomvi”. Lakini itazame hatari yake. Hesabu zikikaa sawa, hatuna la kugombania. Tusipogombana, watu hawaji. Watu wasipokuja, kodi hailipiki, na picha za kaka zinakwenda kuishi uvunguni mwa kitanda chako. Kwa hiyo mhazini mwaminifu analazimika kuhakikisha hesabu hazikai sawa. Juzi zilikaa sawa kwa bahati mbaya, nikahangaika mchana kutwa kuzitafutia kosa.

6. Hoja ya kununua ndoo ya pili ya kukingia maji ilishindwa mezani, kisha ikapita kwa sababu wageni nao walinyoosha mikono. Ndoo imenunuliwa. Ni nzuri, lakini haina uhalali wowote.

7. Mwenye hoteli amekuja kuuliza bei ya bodi nzima, aiweke mapokezi. Alipoambiwa haiuzwi, akauliza kama anaweza kumwazima mhazini peke yake. Ulikataa, nakushukuru, ila nilikuona ulivyofikiri kwanza.

8. Hili ndilo kubwa. Wageni wanazipa mgongo picha za kaka ili watukodolee macho sisi. Nyumba hii aliianzisha kwa jasho lake, watu waone alichokiona yeye. Ile picha ya mama yetu akianika nguo, ambayo kaka aliifuta na kuianza upya mpaka tukamchoka, sasa inatazama visogo vya watu. Hapo sitanii, Shemeji. Nalionea uchungu.

Kwa hayo yote naomba bodi irudi ofisini, na ndoo zake zote mbili, mlango ufungwe, na kibandiko kibanduliwe. Mtama wa nyumbani haumwagwi penye kuku wengi. Nami najiuzulu uhazini kuanzia Ijumaa, ili Jumamosi isinikute. Uamuzi huu hauna rufaa.

Nisalimie wanao, mwambie na Katibu kwamba gauni la kijani lilimpendeza. Msalimie Kesho, ukimkuta yuko ndani. Salamu kwa mwenye jengo na mama yake, na hata kwa yule mwenye hoteli.

Wako katika utumishi usio na mshahara,
Shemeji yako,
Mhazini (mstaafu)

Nyongeza: Barua hii usiisome jikoni. Isome Jumamosi, kwa sauti, ukumbi ukishajaa. Ukifika kwenye kujiuzulu, tafadhali kataa, nami nitasimama taratibu. Meza igeuzwe tukae chini ya ile picha ya mama, ili anayetutazama sisi amwone na yeye. Na uniwekee kiti cha mgeni wangu mstari wa mbele, karibu na mwenye jengo. Mke wangu amekubali kuja. Miaka yote hii hajawahi kuniona nikipigiwa makofi.