Ombaomba wa Mtaa wa Margutta

Jumatatu, 7 Mei 1640. Roma.
Markizi Savorelli, kabaila wa hapa, anataka picha ya ombaomba halisi, aitundike chumba cha kulia. Ombaomba mwenyewe humfukuza mlangoni kwa mbwa, ila akichorwa anakaribishwa mezani. Jumamosi atachagua kati yangu na Wouter. Wouter ni Mholanzi mwenzangu, tumepanga nyumba moja hapa Mtaa wa Margutta, ana kipaji cha wastani, Mungu amsamehe. Tena Jumapili chama chetu cha wachoraji Waholanzi kitanibatiza kwa mvinyo na kunipa jina. Jina la chama halifutiki. Yupo anayeitwa Chura, atazikwa Chura. Mimi nataka Tai. Nikimshinda Wouter, nani ataninyima?

Jumanne, 8 Mei
Nimempata Ercolano, anayeombaomba ngazi za kanisani. Meno mawili, matambara ya kupendeza, ndevu zenye wakazi. Kesho anakuja nimchore. Wouter nimemwambia nachora maua.

Jumatano, 9 Mei
Maafa! Mama Ortensia, mwenye nyumba, alimkamata Ercolano mlangoni. Kamwogesha, kamnyoa, kamvisha koti la marehemu mumewe. Amepanda kwangu kama wakili. Nilipolalamika, Mama Ortensia akaniambia, “Baba, humu hapaingii chawa. Hao wako wa kukodi kawachoree huko huko barabarani.” Nimembembeleza Ercolano ajipake matope kidogo. Amekataa. Anasema hajapendeza hivi tangu harusi yake. Akaenda zake kutembea.

Alhamisi, 10 Mei
Nina akili mimi. Matambara yalikuwa bado uani. Nimeyavaa, nikajipaka masizi, nikakaa ngazi za kanisani tangu asubuhi nijifunze uombaomba kwa vitendo. Nitajichora kwenye kioo. Mtawa mmoja kanipa mkate. Ombaomba wawili wakaja juu: “We babu, hapa pana mwenyewe.” Babu! Nina miaka thelathini na moja. Wakanipora mkate. Njaa ilikuwa ya kweli, na machozi pia. Ng'ambo ya barabara nikamwona Wouter anachora, bila shaka punda wa muuza maji. Maskini, punda! Hakunitambua.

Ijumaa, 11 Mei
Nimejichora kutwa. Pua nimeinyoosha kidogo tu. Meno nimeyarudisha yote. Kidevu nimekiinua, maana hata ombaomba ana heshima yake. Nikitazama, najionea fahari. Wouter amefunika picha yake kwa shuka. Ningekuwa yeye ningeifunika pia.

Jumamosi, 12 Mei
Markizi aliitazama picha yangu muda mrefu, kisha akauliza ni mtume yupi. Wouter akafunua yake. Mzee amekaa ngazini, pua imepinda, mikono mitupu, analia kwa ajili ya mkate. Markizi akajifuta jicho. Akasema unyonge kama ule hauigizwi, mtu huzaliwa nao. Nami naijua ile pua, naiona kila ninaponyoa. Wouter aliinama tu akitazama viatu vyake. Angenicheka ningevumilia.

Jumapili, 13 Mei
Nimebatizwa. Chama kizima kilikwisha kupita kwa Markizi kuiona picha. Nilipendekeza Tai. Wakacheka hadi benchi moja likaanguka. Naitwa Ombaomba, mpaka kaburini. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Chura. Nililia, ila nilikuwa nimemwagiwa mvinyo wa kutosha, hakuna aliyejua.

Jumatatu, 14 Mei
Nimeifuata picha yangu kwa Markizi. Mlango umefunguliwa na Ercolano. Lile koti limempatia kazi ya ubawabu. Ameinama kwa adabu, akasema, “Bwana Ombaomba, mlango wa nyuma tafadhali.”

Hata hivyo nimesikia jambo huko jikoni. Markizi anataka picha nyingine, mama muuza samaki. Wouter bado hajui. Nimeshaazima gauni na kilemba kwa Mama Ortensia, naye akajishika kichwa. Kesho alfajiri nakaa sokoni na kapu langu. Akipita Wouter, na apite. Hatanitambua.