Grisi ya Fungate

Jumatano, 9 Oktoba

...lakini hata breki zikipiga mayowe, Callum wangu bado mzuri! Leo tumeteremka mlima wa Toowoomba, hapa Australia, karavani letu, nyumba ya magurudumu, likivutwa nyuma ya gari na kulia kila kona kama paka aliyekanyagwa mkia. Tulipofika kambini mume wangu akasema kelele zikirudia analiuza karavani, tukaishi kwa mama yake. Kwa mama yake! Na ndoa bado mbichi! Hii ndiyo nyumba yetu, mapazia nimeshona mwenyewe.

Mama Noeleen, jirani wa hapa kambini, alisikia yote dirishani. Akaniambia, "Binti, mjini kuna fundi." Fundi wa nini? Mimi nina mapenzi. Na kopo la grisi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Callum kaenda kuvua samaki. Nikapiga jeki, nikafungua gurudumu, nikang'oa dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki. Ndani mna viatu vya breki, vile vipande vinavyobana dramu, na sumaku. Dereva akikanyaga breki, umeme unakuja kutoka kwenye gari, sumaku inanasa dramu, viatu vinabana. Kama mimi na Callum! Ila vikavu, maskini. Nikavipaka grisi kwa ukarimu, magurudumu yote. Mama Noeleen akipita kwenda klabuni kwao, wanakocheza kubingirisha mipira kwenye nyasi, akauliza kama napamba keki. Wivu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo tumeondoka na karavani, breki kimya kabisa! Callum akanibusu, akauliza kuna mke kama mimi. Kisha tukafika mteremko wa lango la kambi, mkabala na klabu. Akakanyaga breki. Gari likakubali, karavani likakataa. Likatusukuma juu ya changarawe, polepole, kwa heshima, hadi katikati ya uwanja wa klabu, ambapo Mama Noeleen na wenzake, wote wamevaa nyeupe, walikuwa wakibingirisha mipira yao. Wakatupisha. Nyasi zikachimbika mifereji miwili.

Mama Noeleen hakufoka. Aliinama, akanusa gurudumu. "Breki hailainishwi, mwanangu. Inataka kukwaruzana. Kama ndoa."

Callum aliitazama mifereji hadi jioni. Chai yake ilipoa.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku nzima chini ya karavani, wawili tu! Viatu vipya, dramu zimeoshwa, sumaku zimepigwa msasa. Callum akazungusha gurudumu, mimi nikakaza kwa bisibisi kigurudumu kidogo cha meno kinachosogeza viatu mpaka viatu vikwaruze kidogo tu. Akanituma garini nibonyeze swichi ya breki za karavani. Sumaku zikavuma kama nyuki. Nusura nilie.

Callum, pua nyeusi tii, akasema hauzi tena. Nani auze nyumba yenye breki mpya? Nyumba yetu! Kumbe hila yangu imefaa: bila grisi, viatu vipya vingetoka wapi? Kesho tunapanda nyasi klabuni. Mama Noeleen ameahidi kutusimamia, akiwa na fimbo.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Karavani lake nalo linalia breki, anataka kuita fundi. Nikamwambia asithubutu. Kopo langu la grisi bado lina nusu. Tutafika kwake kabla mwezi haujaisha.