Mwanangu Aandikwe Miaka Sabini na Miwili

Bigwa, tarehe 3 Agosti 1909

Mwanangu Agustino ndiye mwenye filimbi ya kambi! Vijana ishirini na watatu, mahema manne, na sufuria ambayo ndama angeogea, vyote viko chini yake. Akipuliza, hata nyani wa mlimani hukaa kimya wasikie atasema nini.

Kwako Baba Padre Mkuu wa Misheni,

Najua filimbi hiyo umempa wewe mwenyewe, lakini habari njema haichakai kwa kurudiwa. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Baba. Nikizitazama ndevu zako naona mimi nilitangulia kuzaliwa, ila shikamoo hii ni ya kanzu, na kanzu ni mkubwa wangu. Sisi hatujambo, na migomba haijambo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ule waliounyoosha Masista kwa masika mawili. Karatasi nimeipata mjini dukani kwa Fidahussein, naye alipojua mimi ni mama wa nani alinitolea ile nyeupe wanayonunua watu wa boma.

Baba, uliposema vijana wa Kipaimara watakaa kambini wiki tatu, watu walishtuka. Kambi tulizozijua sisi ni za askari na za wapagazi, na akina mama wengine waliwaficha watoto darini. Ndipo ukaomba wazee wajitolee kukaa nao, watu waone kwamba hakuna anayetwishwa mzigo. Lilikuwa neno jema. Na mwanangu ukamwambia mbele yangu, "Ukiitawala kambi hii, shule mpya ya upande wa Turiani ni yako. Ukishindwa, utarudi kupalilia kahawa ya Misheni."

Sasa anashindwa, na kosa si lake. Wazee waliojitolea ni thelathini na mmoja. Kila kijana ana mzee wake, na wazee wanane wamebaki wakitafuta kijana. Nayapanga mashitaka yangu kwa hesabu, kama ulivyotufundisha kupanga dhambi.

1. Salamu. Agustino nimemlea mimi, kwa hiyo hawezi kumwagiza mkubwa kabla hajamwamkia. Na mzee wa Kiluguru haamkiwi kwa neno moja kama mtu anayekimbilia garimoshi. Utamuuliza goti, utamuuliza mbuzi, utamuuliza mvua ya huko atokako, kisha naye akuulize wewe. Siku ya kwanza mwanangu alianza kuamkia jua likichomoza. Alipomfikia mzee wa mwisho jua lilikuwa utosini, ikabidi sala ya asubuhi isaliwe pamoja na ya mchana. Siku ya pili aliwaamkia wote kwa mkupuo. Wazee tisa walisusa ugali mpaka alipowarudia mmoja mmoja.

2. Mzee Yakobo. Huyu alibeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na anasema alilala kambini kabla wewe hujaota meno. Kila mara mwanangu akifungua katekisimu, Yakobo huwapanga vijana mstari, mawe kichwani, awafundishe kambi ya kweli na majina ya vituo vya njiani. Juzi Agustino aliuliza sakramenti ya pili ni ipi. Kijana mmoja akasimama wima akajibu, "Mpwapwa." Wazee wakampigia makofi.

3. Bibi Felista na wenzake kumi. Walikuja kutazama kama wajukuu wanaona baridi. Wakakuta wanaona baridi, wakaingia mahemani kuwapasha joto, kisha wakagundua kwamba hema linaifaa sana mifupa ya mtu mzima. Sasa bibi hao wamo ndani na vijana wako nje wanaota moto. Tena ulitaka vijana wajifunze kukata kuni na kujipikia, lakini shoka hawajaligusa. Bibi wanasema mtoto wa Kipaimara haokoti kuni. Dume la miaka kumi na sita linalishwa uji likipuliziwa. Agustino alipokwenda kukataza aliambiwa kwamba yeye mwenyewe amekonda, akakalishwa, akalishwa.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Ni kaka yangu Dominiko. Wewe umekaa nasi, unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Dominiko aliitazama filimbi shingoni mwa mpwa wake siku mbili. Siku ya tatu akamvua, kwa upole kabisa, akaivaa yeye. Alisema kilichopewa mtoto wa ukoo kimepewa ukoo, na cha ukoo hushikwa na mkubwa. Tangu hapo huipuliza akitaka moto wa kiko. Vijana hukimbilia sala, wakifika wanatumwa kijinga cha moto. Nikamfuata kumsihi, nikamweleza habari ya shule na habari ya kahawa. Akanijibu, "Dada, mwanao hana kosa ila uchanga. Akizeeka nitamrudishia."

Baba, jibu hilo limenifumbua macho. Dawa ni kuzeeka, na wa kumzeesha mtu ni wewe.

Siku ya ubatizo wangu uliniuliza umri, nikasema nilizaliwa mwaka wa nzige. Ukanitazama meno ukaandika thelathini na minane, na thelathini na minane nikawa. Dominiko ulimbatiza Pasaka hii. Ulimwandika sabini kwa kuwa alikuja na mkongojo, nao aliuazima kwa sababu ya utelezi. Kwa hiyo sasa kaka yangu amenizidi miaka mingi kuliko mama yetu alivyojua. Hakuna aliyebisha, maana kitabu kimesema. Na serikali hufanya vivyo hivyo. Akida wetu alishuka kwenye garimoshi ndevu hazijamjaa, mkononi ana karatasi yenye muhuri, na tangu siku hiyo watu wenye vitukuu wanamwamkia.

Basi naomba, Agustino aandikwe miaka sabini na miwili kuanzia Ijumaa. Sabini haitoshi, Dominiko atasema yeye alizaliwa asubuhi. Akiwa na sabini na miwili wataamka wao kumwamkia yeye, na sala itasaliwa kwa saa yake. Yakobo ataambiwa anyamaze na mkubwa wake. Bibi watatoka mahemani kumpisha mzee. Atakuwa mkubwa hata kwa mjomba wake, na filimbi itamrudia bila ugomvi. Mimi niliyemzaa nitakuwa mdogo wake, nami nitakuwa wa kwanza kumpa shikamoo hadharani, wala sitaona haya. Ila andika kwa penseli, Baba. Kambi ikifungwa umrudishe kwenye ishirini na mmoja, kwa maana nimeshapeleka posa mahali na wale hawatampa binti yao kikongwe. Muhuri usiusahau.

Nisalimie Masista wote, na fundi seremala, na wagonjwa wa zahanati, na mpishi wako anayeunguza maharage. Mwambie aje kambini aone sufuria inavyotazamwa.

Ni mimi mwanao kwa ubatizo, dada yako mkubwa kwa siku za kuzaliwa,

Theresia, mama wa Agustino Mwenye Filimbi

Nyongeza, nimekumbuka nikiikunja karatasi: wewe uliomba wazee wanne tu. Hao wengine ishirini na saba niliwaita mimi, nyumba kwa nyumba, waje wamwone mwanangu akipuliza. Yakobo hakutaka, nilimkalia mlangoni kutwa nzima. Bibi Felista nilimbebea mkeka. Nakuomba usiwafukuze, nitaonekana sina adabu. Isitoshe wananung'unika kwamba kwa wingi wa watu hawajapata kumwona vizuri, kwa hiyo nimewaambia siku ya kufunga kambi warudi na jamaa zao wote, na nimeshapeleka habari Bigwa yote, mjini, na milimani mpaka moshi wa mwisho. Wewe njoo mapema upate pa kukaa. Ni Jumapili, tarehe 15 Agosti, Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni.