Kasa wa Jimbo na Ndoo ya Serikali Kuu

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu kule Kuala Lumpur,
na kwa Mheshimiwa Mjumbe wetu katika Baraza la Jimbo,

Assalamu alaikum, Waheshimiwa wote wawili.

Nawaandikia barua moja kwa sababu shida ni moja. Nakala ni mbili, sawa neno kwa neno, asije mmoja wenu akadhani mwenzake amepewa utamu zaidi. Mimi ni Wan Habsah binti Wan Embong, mkaanga keropok, zile chipsi za unga wa samaki, wa Kampung Kuala Rengas, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Nyote mlizila keropok zangu wakati wa kampeni, kwa hiyo tunajuana.

Binti yangu Suhaila anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Harusi hiyo imekwama, na walioikwamisha ni nyinyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu iliyopita kasa alitoka baharini, akauacha ufukwe mzima wenye mchanga wa kuwatosha kasa wa dunia nzima, akapita katikati ya pilipili za jirani yangu Pok Wel bila kuzigusa, akaja kutaga mayai chini ya ngazi yangu. Nyumba yetu iko juu ya nguzo na ngazi ni hiyo hiyo moja, asiyeipanda haingii. Sina ugomvi na kasa. Ni mama mwenzangu, alikuwa na mzigo wake, akautua. Ugomvi wangu unaanzia pale alipokwisha kuondoka.

2. Nilipiga simu ofisi ya uvuvi ya Serikali Kuu. Akaja Puan Zabedah, mwanamke mwenye adabu zake, na gari, na glavu, na ndoo maalumu ya kuhamishia mayai ya kasa. Nikamshukuru Mungu. Akachuchumaa, akatazama, kisha akarudisha mikono nyuma kama mtu aliyekaribia sufuria ya moto. "Mak Cik, shangazi yangu, huyu si wangu," akasema. "Wangu mimi ni samaki wa baharini. Kasa ni wa jimbo, Katiba imemtaja kabisa." Nikamwomba amhesabu kuwa samaki, kwa leo tu. "Ningemhesabu, Mak Cik, lakini kashaondoka. Yamebaki mayai, na mayai yanamfuata mama yao." Akaandika kidogo kwenye daftari, akaniomba maji ya kunywa.

3. Puan Zabedah akiwa bado anakunywa maji, nikapiga simu jimboni. Akaja Encik Shukor na pikipiki, mkononi ana utepe wa njano. Alifurahi sana. "Kasa wetu huyu, Mak Cik! Mayai yetu, mchanga wetu, hata ardhi iliyo chini ya ngazi yako ni yetu." Nikamwambia basi avihamishe vitu vyake. "Shida sina ndoo." Nikamwonyesha ya Puan Zabedah, hatua mbili tu kutoka aliposimama. Akacheka kicheko cha huzuni. "Ndoo ya Serikali Kuu ibebe kasa wa jimbo? Ikipasuka nani atasaini?" Nikaenda kuleta ndoo yangu mwenyewe, ninayooshea samaki. Hapo wote wawili walipiga kelele kwa pamoja kwamba raia akiyagusa mayai hayo anafungwa. Ndilo jambo la kwanza kukubaliana tangu waonane.

4. Encik Shukor ameizungushia ngazi utepe wake. Tangu siku hiyo tunaingia kwa dirisha la jikoni, tukipandia pipa. Mume wangu, Pok Nik, ana kilo tisini na nne na anavaa sarong. Sitaeleza zaidi ya hapo. Jana shangazi watatu wa bwana harusi walileta masinia ya zawadi. Wawili waliingia salama. Wa tatu ilibidi anywe chai akiwa nusu ndani nusu nje, na ile nusu ya nje ilinyeshewa. Hakulalamika, ila kwaheri yake ilikuwa fupi.

5. Maafisa hawa huja kila siku kwa mashauriano. Wanakunywa kahawa yangu, wanamaliza sinia zima la keropok, wanaulizana habari za watoto. Siku ya nne Puan Zabedah akapata wazo: kama maji ya bahari yangefika kwenye ngazi, yeye angeweza kuandika kwamba tukio limetokea baharini. Pok Nik hakungoja amalize kusema. Alibeba madebe kumi na manne ya maji ya bahari akayamwaga uwanjani, upande ulio mbali na mayai, maana hatuna roho mbaya. Encik Shukor akachovya kidole, akaonja, akakiri kwamba ni bahari kweli. Lakini akasema msimamo wa jimbo ni kwamba bahari hailetwi na mtu, inakuja yenyewe. Pok Nik hadi leo anaumwa kiuno.

6. Watu wananiambia nihamishe harusi. Pok Wel amejitolea nyumba yake, hapo hapo jirani, ngazi safi. Nimekataa, kwa sababu paa lake lina kelele mvua ikinyesha. Mkuu wa kijiji ametoa ukumbi wa shule. Nikamjibu kwamba shule ni ya Serikali Kuu na kadhi ni wa jimbo, tusichanganye mambo. Watu wa bwana harusi wanataka tufanyie kwao. Nikasema nitafikiri, na bado nafikiri. "Lakini Mama, wewe hasa unataka nini?" Suhaila aliniuliza juzi, kichwa kikiwa dirishani. Nikamwambia nataka Katiba ifuatwe.

Basi naomba, kwa heshima na taadhima, uwanja wangu wenye hatua ishirini kwa thelathini utangazwe kuwa Eneo la Shirikisho, chini ya Serikali Kuu yenyewe, kama Kuala Lumpur na Putrajaya. Msiniambie ni mdogo. Putrajaya yenyewe ilikuwa shamba tu, na hakuna aliyeicheka. Mpaka upite kwenye ngazi: vidato vitatu vya chini viwe vya Serikali Kuu, ili Puan Zabedah apate kufanya kazi yake, na vya juu vibaki vya jimbo, maana kadhi ni wa jimbo na sitaki ndoa ya mwanangu ibatilike kwenye kidato cha tatu. Bwana harusi akipanda atasimama mpakani kwa muda mfupi tu, aulizwe anatoka wapi na anakwenda wapi, kisha apite. Wapiga matari wabaki chini, wawe wageni wa Serikali Kuu. Wapishi wawe juu, wawe wageni wa jimbo. Na wali ushushwe kwa kamba ili asilazimike mtu kuvuka mara mbili. Nikisikia kwamba jambo hili linahitaji theluthi mbili ya wabunge, niko tayari kuikaangia keropok theluthi mbili ya wabunge.

Wasalimieni wote wa nyumbani kwenu, na madereva wenu, na yule katibu wa Mheshimiwa Mbunge ambaye simu yake huita vizuri sana. Pok Nik anawasalimu kutoka kitandani, na Pok Wel anauliza pilipili zake ziko chini ya serikali ipi.

Ni mimi mpiga kura wenu, mara mbili,
Wan Habsah binti Wan Embong

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, mara Puan Zabedah na Encik Shukor wakafika kwa gari moja. Wamepatana. Puan Zabedah ataleta ndoo, Encik Shukor atayainua mayai, watasaini wote wawili, na kabla ya adhuhuri ngazi iwe wazi. Nikawauliza: mchanga utakaobaki kwenye ndoo utakuwa wa nani? Encik Shukor akakuna kichwa. Wamerudi ofisini kuuliza.

Waheshimiwa, Suhaila ni mtoto wangu wa pekee. Siku ya tatu baada ya harusi mumewe anampeleka Labuan, alikopata kazi, ng'ambo ya bahari yote hiyo. Mayai ya kasa huanguliwa baada ya siku kama hamsini na tano, nami nimezihesabu kwenye kalenda: ni asubuhi hamsini na tano za kumsikia akigombana na birika jikoni. Naiogopa nyumba hii bila yeye. Barua naituma kwa sababu ameketi mbele yangu kuhakikisha inatumwa, wala hajui sasa hivi naandika nini. Basi nawaomba msifanye haraka. Na ikibidi mjibu, kila mmoja wenu amngojee mwenzake aanze.