Ombi Hukaa Mwisho kwa Adabu

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa thelathini na mmoja ugenini. Dada mkubwa amemwandikisha mjukuu wake barua: jicho moja limekwisha, la pili daktari amelipatia miezi mitatu tu, niende anione kabla halijafunga. Ruhusa ya kusafiri huombwa ofisi ya wageni kwa barua ya Kiingereza, ukurasa mmoja, mwisho Ijumaa. Ukurasa mmoja! Mimi niliyesoma Kiingereza tangu wenzangu wangali na meno.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, amejitolea kuniandikia. Huwaandikia watu wa jengo zima, mistari minne minne, na eti wote hujibiwa. Kanuni yake kaitoa wodini: anayevuja damu, sema anavuja damu, habari za watoto wake baadaye. Nimemwambia mimi si mgonjwa. Mtu haingii kwa watu na ombi mdomoni kabla ya hodi.

Jumanne, 4. Rasimu. Waingereza humtanguliza mtenda, na kitendo hapo hapo nyuma yake, kama ng'ombe na mkia. Umaskini wa mawazo. Mtenda wangu yuko mstari wa kwanza. Kitendo kiko njiani. Mstari wa kumi na tisa, hakijafika. Kwanza shukrani kwa miaka thelathini na mmoja ya amani, kisha afya ya karani, kisha afya ya mkuu wake. Ombi limefunga msafara, kama mgeni aliyelelewa.

Nafasi imekwisha. Nimepunguza ukubwa wa herufi. Nimekula na pambizo.

Jumatano, 5. Hila: kumwaibisha Muuguzi hadharani. Nimeisoma barua chumba cha kufulia, watu wakisubiri mashine. Mashine ikakamua, ikasimama, mimi bado. Fundi viatu akanishika mkono, akanipa pole ya msiba. Msiba gani? Akasema hajui, ila kwa maneno mengi vile lazima kuna mtu kafa.

Muuguzi alikuwa anakunja shuka lake. "Kaka, unaomba nini hasa?"

Nikamwambia asubiri, tunakaribia.

"Mimi nitasubiri. Jicho la dada yako je?"

Wivu tu.

Ijumaa, 7. Asubuhi, karatasi chini ya mlango, mwandiko wa Muuguzi. Naomba ruhusa ya kwenda kumwona dada yangu. Anapofuka. Nitakaa wiki sita. Kisha jina langu. Salamu hakuna! Nimeikunja nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Inafaa sana.

Nimepeleka ya kwangu. Karani akasoma mistari mitatu, akatabasamu, akagonga muhuri. Karani akatabasamu! Nimenunua sanduku la safari, nikalipitisha mbele ya mlango wa Muuguzi mara mbili.

Jumanne, 18. Jibu limekuja. Ofisi imefurahishwa na barua yangu ya shukrani na imeihifadhi katika faili la pongezi.

Nimekwenda mbio hadi dirisha la ofisi. Karani kaeleza kwa upole. Barua mia tatu kwa siku. Husoma mistari mitatu ya juu, akajua ipelekwe wapi. Ombi hakuliona. Duru nyingine ya maombi ni baada ya miaka miwili.

Nilipomsimulia, Muuguzi hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema malalamiko hupokelewa hadi kesho saa nne asubuhi. "Sema ombi lako halikusomwa, Kaka. Mistari miwili. Niandike?"

Nimemshukuru, nikafunga mlango. Malalamiko nimeyaanza mwenyewe. Niko ukurasa wa sita, historia ya ofisi tangu ilipojengwa. Inakwenda vizuri. Lalamiko lenyewe litaingia kesho kutwa.

Dada naye nimemwandikia. Nimeanza na magoti yangu, kisha mvua, kisha majirani, mmoja mmoja. Neno lenyewe nimeliweka chini kabisa, baada ya sahihi, ili mjukuu wake akichoka kumsomea asilifikie:

Sitarudi.